Kula tambi, uache mchuzi: Ushauri kwa aendaye kuishi Japani

UMEIPATA barua uliyoingoja. Umepewa nafasi ya masomo nchini Japani, au kampuni imekuita kazini, au idara yako imekuchagua uende huko kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Umepimwa kifua, umepigwa picha za pasipoti, umenunua koti zito pale Gikomba. Mama amekufungia kilo mbili za unga wa mahindi na pakiti za majani chai ndani ya sanduku.

Unga huo hautamaliza mwezi. Baada ya hapo, msomaji, utakula nini?

Kwa wengi waliokutangulia jibu limekuwa moja: tambi. Si kwamba walizipenda tangu siku ya kwanza. Ni kwa sababu mkahawa wa tambi haukosekani karibu na kituo cha gari la moshi, chakula huletwa kabla hujamaliza kuvua koti, na bei yake mwanafunzi anaiweza. Siku ya kwanza utaingia kwa kukosa la kufanya. Mwezi wa tatu utakuwa mteja wa kila siku.

Makala haya hayakukatazi kula tambi. Yanakupa jambo moja tu la kushika ili urudi nyumbani na mwili ule ule uliotoka nao: katika bakuli la tambi, hatari kubwa haimo kwenye tambi. Imo kwenye mchuzi.

MKAHAWA WA JIRANI

Tambi utakazokutana nazo ni za aina tatu kuu. Ya kwanza ni ramen. Hizi ni tambi za ngano zilizokandwa kwa maji yenye magadi, jamaa ya yale magadi ambayo mama zetu hutia kwenye githeri ili iive upesi. Ndiyo maana huwa na umanjano na hunyumbuka mdomoni. Asili ya ramen ni Uchina, na mkahawa mmoja uliozipatia sifa ulifunguliwa mtaa wa Asakusa, jijini Tokyo, mwaka 1910. Aina ya pili ni udon, ambazo pia ni za ngano, lakini nene, nyeupe na laini. Ya tatu ni soba, tambi nyembamba za rangi ya kijivu, zinazotokana na mbegu za mmea unaoitwa soba vile vile.

Katika mikahawa mingi utakuta mashine mlangoni. Unatia noti, unabonyeza kitufe, nayo inakutolea tikiti. Unampa mpishi tikiti hiyo, unaketi kwenye kaunta na kujimiminia maji baridi, ambayo ni ya bure. Ramen ya kawaida hugharimu yeni 700 hadi 1,000 hivi, na udon au soba zisizo na vitoweo vingi huwa rahisi zaidi. Kwenye vituo vya treni kuna mikahawa ambamo watu hula wakiwa wamesimama, na mtu humaliza bakuli lake kwa dakika 5 akaiwahi treni.

Usishtuke ukisikia watu wakivuta tambi kwa sauti. Huko hilo si kosa la adabu. Bakshishi haitolewi. Ukimaliza, sema "gochisosama", yaani ahsante kwa chakula, na utaona mpishi akikuinamia kichwa.

Tusidharau faida ya mahali kama hapo. Mtu aliye mbali na kwao, asiyejua lugha, anayerudi jioni katika chumba kimoja chenye baridi, huhitaji mahali ambapo uso wake unajulikana. Upweke nao hudhoofisha afya. Mpishi anayeanza kukuandalia bakuli pindi unaposukuma mlango amekufanyia jambo kubwa kuliko kukushibisha.

Lakini hapo hapo ndipo mazoea huanza. Mara mbili kwa wiki huwa mara nne, na mara nne huwa mchana na usiku. Na kwa kuwa hukulelewa na chakula hicho, huna mama wala shangazi wa kukuambia, "Mwanangu, hiyo supu inatosha."

CHUMVI IKO WAPI?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Hiyo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Tena ni chumvi yote kwa jumla: iliyo ndani ya mkate, iliyo kwenye mboga, na ile unayonyunyiza mezani.

Bakuli moja la ramen, mchuzi ukinywewa wote, mara nyingi huwa na chumvi ya gramu 5 hadi 7. Udon na soba za mchuzi moto hazipitwi mbali. Maana yake ni kwamba kwa mlo mmoja wa mchana umekwisha kula chumvi ya siku nzima, pengine na zaidi, na bado hujala cha usiku.

Utajiuliza, mbona ulimi hauoni? Mtazame mpishi anavyofanya kazi. Kabla ya kumimina supu, yeye hutia chini ya bakuli kiasi kidogo cha kiungo kikali. Katika ramen ya shoyu kiungo hicho hutokana na sosi ya soya. Katika ramen ya miso hutokana na soya iliyosagwa na kuvundikwa kwa chumvi. Katika ramen ya shio ni chumvi yenyewe. Kisha hufuata supu iliyochemshwa kwa mifupa, samaki wakavu au mwani. Mafuta, ladha nzito ya mifupa na moto wa supu hufunika ukali wa chumvi. Supu hiyo ingepoa kabisa, ungeitema.

Tambi zenyewe nazo si safi kabisa. Udon hukandwa kwa maji ya chumvi, ingawa sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka na kubaki kwenye maji ya kuchemshia. Hata hivyo, chumvi nyingi ya bakuli huwa katika maji unayoyaona. Ukila tambi na vitoweo vyote kisha ukaacha mchuzi, utakuwa umeacha karibu nusu ya chumvi ya bakuli lile, na mara nyingine zaidi ya nusu.

Je, ni utovu wa heshima kuacha mchuzi? La, hasha. Wenyeji wengi huuacha, hasa waliokwisha kuonywa na madaktari wao. Hakuna atakayekuuliza.

USHAHIDI ULIOTOKA KWETU

Kijana wa miaka 25 akisikia habari za chumvi hudhani anaambiwa mambo ya wazee. Basi na tuutazame ushahidi uliopatikana hapa hapa Kenya.

Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi na kuhamia Nairobi. Waliwapima shinikizo la damu, mkojo na uzito, wakawalinganisha na wenzao waliobaki mashambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal.

Walichokiona ni hiki: shinikizo la damu la waliohamia mjini lilikuwa juu kuliko la wenzao wa mashambani, na tofauti hiyo ilianza kuonekana muda mfupi baada ya kufika. Haikungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha kwamba mlo ulikuwa umebadilika: sodiamu, ambayo ndiyo hupatikana katika chumvi, ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga, matunda, maharagwe na viazi, ilikuwa imepungua.

Mjini kuna mambo mengine pia, kama vile wasiwasi wa kazi, kelele na kuongezeka uzito. Watafiti hao hawakusema kwamba chumvi ndiyo sababu pekee. Lakini fundisho kwa msafiri liko wazi: mwili haungoji miaka 20 ndipo ujue kwamba umehama. Ikiwa safari ya basi ya usiku mmoja kutoka magharibi mwa nchi hadi Nairobi yaweza kubadili mapigo ya damu ya kijana mwenye nguvu zake, hatuna budi kuifikiria safari ya kutoka Nairobi hadi Tokyo.

WENYEJI NAO WALIUMIA

Msomaji mwingine atasema, "Mbona Wajapani wenyewe hula tambi hizo na huishi hadi miaka 90?"

Ni swali zuri. Ni kweli kwamba Wajapani ni miongoni mwa watu wanaoishi maisha marefu zaidi duniani. Lakini haikuwa hivyo tangu zamani, na mchuzi wa chumvi si siri ya maisha yao. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1980, ugonjwa wa kiharusi ndio uliowaua Wajapani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Watu walikuwa wakianguka mashambani na kupooza upande mmoja wangali na nguvu za kufanya kazi.

Sehemu iliyoumia sana ilikuwa kaskazini. Katika mkoa wa Akita, ambako theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi, chakula cha majira ya baridi kilihifadhiwa kwa chumvi: samaki, mboga, miso. Wachunguzi wa miaka ya 1950 walikuta kwamba watu wa huko walikuwa wakila chumvi zaidi ya gramu 20 kwa siku, na presha ilikuwa imeenea mno.

Wajapani hawakukaa wakangoja. Watu walipimwa presha vijijini, dawa zikapatikana, majokofu yakaingia majumbani na haja ya kuhifadhi chakula kwa chumvi ikapungua. Katika mkoa wa Nagano, watu wa kujitolea waliingia nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama kupunguza chumvi katika supu ya miso na mboga za kuvundikwa. Katika takwimu za mwaka 2010, mkoa huo ulikuwa wa kwanza nchini humo kwa urefu wa maisha, kwa wanaume na kwa wanawake.

Hata hivyo vita havijaisha. Mwongozo wa lishe wa Japani wa mwaka 2020 unataka wanaume wasifikishe gramu 7.5 za chumvi kwa siku, na wanawake wasifikishe 6.5. Watu bado hula kiasi cha gramu 10. Mwaka 2025, watafiti wa mkoa wa Yamagata, ambao wakazi wake ni wapenzi wakubwa wa ramen, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000. Miongoni mwa waliokula ramen mara tatu au zaidi kwa wiki, dalili za hatari ya kufa mapema zilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka 70, na kwa wale waliokuwa wakinywa nusu ya mchuzi au zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ramen ndiyo iliyowaua, kwani mla ramen sana huenda pia akawa mnywaji au mvutaji sigara. Lakini hata huko jicho la wataalamu limeelekea kwenye mchuzi.

Basi usimwone mwenyeji akiwa na miaka 90 ukadhani kila alacho ni dawa. Mwenyeji hula samaki, maharagwe ya soya, mwani na mboga nyumbani kwake, hutembea sana, na hupimwa kila mwaka. Wewe mgeni unamuiga kwenye bakuli la tambi peke yake.

PRESHA HAIBISHI HODI

Chumvi inapozidi mwilini huyavuta maji. Maji hayo huingia katika damu, damu huwa nyingi ndani ya mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kazi ya figo ni kuitoa chumvi iliyozidi. Siku moja haina neno, figo zitaimudu. Lakini ukizitwisha mzigo huo kila siku, mwaka baada ya mwaka, mishipa huanza kukakamaa na presha hupanda ikakaa huko juu.

Ubaya wa presha ni kwamba haibishi hodi. Hutaumwa kichwa, hutatapika, hutakosa usingizi. Utaendelea na masomo yako na utafaulu mitihani. Siku utakapojua huenda ikawa ni siku ambayo mkono umekataa kuinuka na ulimi umekuwa mzito, au siku daktari atakapokuambia kwamba figo zimechoka. Sote tunazijua familia zilizouza shamba kulipia kusafishwa damu kwa mtu ambaye walimtegemea arudi na shahada awasaidie.

Uchunguzi mwingi uliofanywa Marekani umeonyesha pia kwamba presha ya watu wenye asili ya Kiafrika, kwa wastani, hupanda kwa urahisi zaidi wanapokula chumvi nyingi. Haina maana kwamba kila mmoja wetu yumo hatarini, lakini ni sababu ya kutosha ya kutojilinganisha na mtu wa kiti cha pili.

Wala usijilinganishe na wanariadha wetu. Kuanzia siku za Douglas Wakiihuri, aliyeshinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mwaka 1987 akiwa anafanya mazoezi Japani, na Eric Wainaina aliyepata medali ya shaba mwaka 1996 na ya fedha mwaka 2000, vijana wengi wa Kenya wamekimbilia timu za makampuni na shule za huko. Mtu anayekimbia kilomita 30 kwa siku hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Wewe unayetoka darasani kwenda maktaba, jasho lako ni la kupanda ngazi za kituo.

TAHADHARI YA SOBA

Kuna hatari nyingine isiyohusu chumvi, nayo yaweza kutokea siku ya kwanza. Baadhi ya watu miili yao huikataa soba kwa ukali. Kwa kuwa kwetu mmea huo hauliwi, wewe hujui kama ni mmoja wao.

Mara ya kwanza, kula kidogo, na usile ukiwa peke yako. Ukianza kuwashwa mwili, midomo ikivimba, koo likibana au pumzi ikiwa nzito, acha mara moja na uombe msaada. Nambari ya kuita gari la wagonjwa nchini Japani ni 119. Jambo hili si mchezo: soba ni mojawapo ya vyakula vichache ambavyo sheria ya Japani inalazimisha vitajwe waziwazi kwenye pakiti za vyakula.

Ikiwa umekwisha kujua kwamba soba haikupatani, usidhani udon zitakuokoa. Mikahawa mingi huuza zote mbili, na pengine huzichemsha katika sufuria moja.

KWA WAISLAMU NA WASIOKULA NGURUWE

Ramen ya tonkotsu, yenye mchuzi mweupe mzito, hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Vipande vya nyama vinavyowekwa juu ya ramen za aina nyingi pia huwa ni vya nguruwe, na hata pale ambapo nyama haionekani, mafuta yake huenda yametiwa. Kuondoa nyama kwa vijiti hakutoshi. Mchuzi wa udon na soba kwa kawaida hutokana na samaki na mwani, lakini mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni kiungo chenye kileo. Katika miji mikubwa kama Tokyo na Osaka ipo mikahawa ya ramen iliyo halali. Waulize Waislamu wenzako msikitini kabla ya kuijaribu ya jirani.

UNGA MWEUPE NA MBOGA CHACHE

Ukiacha chumvi, bakuli la tambi lina kasoro nyingine: mboga ni haba. Utapata majani ya kitunguu, kipande cha mwani, pengine nusu yai. Tambi za ngano ni unga mweupe uliokobolewa, ambao hugeuka sukari mwilini kwa haraka. Mikahawa mingi ya ramen pia huuza bakuli la wali pamoja na tambi, na mingine, hasa ile ya mtindo wa Hakata, hukuongezea tambi kwa bei ndogo ukibakiza mchuzi. Mtu akila tambi na wali pamoja kila siku, na huku anaketi darasani mchana kutwa, asishangae mshipi ukikosa tundu. Mwenye kisukari katika ukoo wake ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu.

Hapa ndipo fundisho la wale waliohamia Nairobi hurudi. Tatizo lao lilikuwa mara mbili: chumvi ilipanda na potasiamu ikashuka. Kijana aliyezoea sukuma wiki, maharagwe, ndizi na viazi vitamu huvipoteza vyote akihamia kwenye bakuli la tambi. Na bado vyote vina ndugu zao huko. Ndizi huuzwa kila duka. Viazi vitamu vya kuchoma huuzwa wakati wa baridi. Ipo mboga ya majani iitwayo komatsuna, ya jamii moja na kabichi, ambayo ukiikaanga kwa kitunguu na nyanya itakukumbusha nyumbani. Sahani moja ya mboga hiyo chumbani mwako ni kinga bora kuliko vidonge vya vitamini.

UFANYE NINI?

Kabla hujaondoka:

* Pima shinikizo la damu hapa nyumbani na uandike nambari hizo. Bila kujua ulikotoka, hutajua kama umepanda.

* Ikiwa tayari unatumia dawa za presha, muulize daktari kuhusu safari yako. Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa za daktari za matumizi ya mwezi mmoja. Zikizidi hapo, ni lazima uombe kibali mapema.

Ukifika:

* Kula tambi na vitoweo, acha mchuzi. Ukiutamani, vijiko vitatu vinne vyatosha. Usiinue bakuli mdomoni.

* Usinyunyize sosi ya soya kabla ya kuonja.

* Katika baadhi ya mikahawa ya ramen, hasa ya mtindo wa Yokohama, mpishi hukuuliza unavyotaka. Jifunze maneno haya: "aji usume", yaani ladha nyepesi, na "abura sukuname", yaani mafuta kidogo.

* Wakati wa joto, agiza soba za baridi zinazoletwa na mchuzi kando. Chovya ncha tu. Wakikuletea maji moto ya kuongeza kwenye mchuzi uliobaki ili unywe, kumbuka kwamba maji hayaiondoi chumvi. Yanaifanya tu isionekane.

* Ongeza yai, chipukizi za maharagwe au mboga badala ya wali.

* Jiwekee kikomo, kama vile mara mbili kwa wiki. Siku nyingine pika. Sufuria ya umeme ya kupikia wali na kikaango kimoja vyatosha kwa chumba cha mwanafunzi.

* Unaponunua tambi za pakiti au za kikombe, tafuta kwenye karatasi maneno ya Kijapani yanayosomwa "shokuen sotoryo". Mwombe mwenzako akuonyeshe yalivyoandikwa mara moja tu, nawe utayakariri. Nambari inayofuata ni gramu za chumvi. Sheria huwalazimisha watengenezaji kuiandika. Mikahawa hailazimishwi.

* Usikwepe uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Waajiri wanatakiwa na sheria kuwapima wafanyakazi wao, na vyuo huwapima wanafunzi. Mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu, ikiwa hana bima ya kazini, hutakiwa kujiunga na bima ya afya ya taifa, ambayo kwa kawaida hulipa asilimia 70 ya gharama za matibabu. Umekwisha kuilipia, itumie.

* Ukipimwa mara kadhaa na ukakuta nambari ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, mwone daktari. Usingoje kurudi nyumbani.

Wako wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ya hapo: mwenye presha tayari, mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito aliyeambiwa presha yake imepanda, na yeyote ambaye mzazi wake alipatwa na kiharusi. Hao na waulize daktari kwanza, na mchuzi wausahau kabisa.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako moja. Ni ushauri mwema kwa mgeni. Ingia mkahawani, vuta tambi kwa sauti kama wenzako, mshukuru mpishi kwa lugha yake. Lakini wahenga hawakusema ufumbe macho yote mawili. Lile lililobaki wazi na litazame chini ya bakuli, likuambie wakati wa kuweka vijiti chini na kuondoka.